Paa Lisilo na Mwenyewe: Historia ya Nyumba Zilizogawanywa za Kisangani



Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, na mvua yake haibishi hodi. Inapoanza kushuka juu ya Makiso, kila aliye barabarani hutafuta ukingo wa paa wa kujikinga. Zamani jambo hilo lilikuwa rahisi, kwa maana nyumba za katikati ya mji zilijengwa na paa lililotokeza mbele na baraza pana chini yake. Leo mpita njia hukuta ukuta. Baraza limezibwa kwa matofali ya saruji na kugeuzwa duka au chumba cha kulala, na maji ya paa yasiyo na mfereji yanammwagikia shingoni. Ghorofa moja ina rangi nne. Ngazi ya chuma imechomelewa nje ya dirisha, na dirisha lenyewe sasa ndilo mlango.

Tunataka kujiuliza jinsi tulivyofika hapa. Tunasema "tulivyofika" kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunaishi ndani ya nyumba hizo, na baadhi yetu tumeshika wenyewe mwiko wa kuziba baraza. Wapo wanaosema kwamba sababu ni umaskini, na wengine kwamba watu wetu hawajui kilicho kizuri. Sisi tunadhani jibu limo katika historia. Nyumba hizi ziligawanywa mara nyingi, na katika kila mgawanyo watu walipata milango. Paa halikukabidhiwa kwa mtu yeyote.

Nyumba ya mwenye mali mmoja

Kituo kilichoanzishwa na Stanley mwaka 1883 karibu na maporomoko ya Wagenia kilikua hadi kuwa Stanleyville. Katikati yake, kwenye ukingo wa kuume wa mto, palikuwa mji wa Wazungu. Mwafrika aliingia humo asubuhi kufanya kazi, na jioni alirudi kwenye makao aliyotengewa. Hatuandiki haya kwa kuutamani wakati ule. Uzuri wa barabara zile ulilipwa na watu ambao hawakuruhusiwa kulala kando yake.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba waliochora nyumba za miaka ya mwisho ya ukoloni walilijua jua letu na mvua yetu. Walitokeza paa ili maji yasipige ukuta. Walijenga kuta za matofali yenye matundu, upepo upite na jua lizuiwe. Na kila jengo lilikuwa na mwenye mali mmoja: serikali, kampuni, misheni, au mfanyabiashara Mbelgiji, Mgiriki, Mreno au Mhindi. Waliokaa ndani walikuwa wapangaji au waajiriwa wake. Jengo zima lilikuwa na mita moja ya maji, ngazi moja, na shimo moja la maji machafu lililopimwa kwa idadi ya watu waliotazamiwa. Paa lilipovuja, ilijulikana ni nani wa kumwita fundi na ni nani wa kumlipa. Wasanifu hawakufikiri kamwe kwamba jengo moja lingekuja kuwa na wenyewe kumi.

Miaka ya funguo

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na sehemu ya wenye nyumba wakaondoka. Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka, na baada ya siku zile za damu, wageni wengi waliookoka walipanda ndege bila kujua kama wangerudi. Mwaka 1966 mji uliitwa rasmi Kisangani. Maasi ya mwaka huo na ya mwaka 1967 yaliwafukuza wengine tena. Kila wimbi liliacha funguo mikononi mwa mtumishi, mlinzi, jirani, au askari aliyevunja kufuli.

Kisha zikaja sheria. Ile iitwayo sheria ya Bakajika, ya Juni 1966, ilirudisha ardhi mikononi mwa taifa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilithibitisha kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, na raia hupewa haki ya kuutumia. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa Wazaire. Wafanyabiashara waliokuwa wamebaki hapa walipoteza maduka, na mara nyingi vyumba vya juu ya duka vilifuata duka. Miaka miwili mitatu baadaye Serikali ilikubali kuwarudishia sehemu ya mali hizo, lakini si wote waliorudi.

Hivyo jengo moja liliweza kuwa na watu watatu wa kulidai: mwenye karatasi ya zamani, mwenye karatasi mpya, na aliyekuwa akilala ndani. Tumtafakari huyo wa tatu. Hakujua kama kesho atatolewa. Je, angetia fedha zake katika paa la nyumba ambayo huenda si yake? Alitia kitasa imara kwenye mlango wake, akaishia hapo. Hakuwa mvivu. Alifanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya.

Mlango baada ya mlango

Mgawanyo wenyewe ulipita katika njia tatu.

Ya kwanza ni upangaji wa chumba kimoja kimoja. Mshahara ulipokosa thamani, mwenye nyumba alibaki na vyumba viwili na kupangisha vilivyobaki kwa familia nne.

Ya pili ni urithi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wagawane sawasawa, na inamlinda mjane ili aendelee kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Ni sheria yenye nia njema. Lakini nyumba haikatwi kama mkate. Watoto saba wanapogawana nyumba ya vyumba sita, mmoja huchukua sebule, mwingine gereji, wa tatu anajenga baraza liwe chumba. Mjane anabaki katikati, akisikia nyundo pande zote. Baadaye mmoja wa watoto anauza sehemu yake kwa mtu wa nje, na hapo nyumba ya ukoo inakuwa jengo la wageni wanaoshiriki ukuta.

Ya tatu ndiyo hiyo ya kuuza sehemu kwa sehemu. Mnunuzi anapewa karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, pengine na mhuri wa mkuu wa mtaa. Karatasi inasema: vyumba viwili na mlango wa upande wa barabara. Juu ya paa, ngazi, bomba na shimo la maji machafu haisemi neno.

Hapa ndipo ubaya wa sura unapozaliwa. Asiye na sehemu katika ngazi ya ndani hujenga yake nje. Anayetaka chumba zaidi huziba matofali ya matundu, na chumba kinakuwa na giza na ukungu kwa sababu upepo umekatwa. Anayepasua ukuta ili apate mlango hajui kama ukuta huo unabeba sakafu ya jirani wa juu. Shimo lililochimbwa kwa familia moja linapokea maji ya familia nane, kisha linafurika uani, na uani ni mahali pa kila mtu, yaani pa hakuna mtu. Kila mmoja anapaka rangi hadi pale sehemu yake inapoishia. Tunapoitazama nyumba hiyo kutoka barabarani, tunasoma juu ya ukuta wake orodha ya mapatano ambayo hayakufanywa.

Siku sita

Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye kupima hasara ulieleza kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba zaidi ya 4,000 zilibomoka au kuharibika. Mambo ya wafu wetu tumeyaandika kwingine na tutayaandika tena. Hapa tunasema juu ya kuta tu.

Baada ya mabomu kila mtu alitengeneza alichoweza, na alichoweza kilikuwa kile alichokiita chake. Bati moja jipya liligongomewa juu ya chumba kimoja, na turubai likatandikwa juu ya kingine. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 40 kwa ajili ya mali zilizoharibiwa. Fedha hizo ni za hasara za sehemu mbalimbali za nchi, si za mji wetu peke yake. Lakini swali lake linatugusa hasa. Aliyeishi katika jengo lililogawanywa anaweza kuorodhesha kitanda chake, redio yake na mlango wake. Nani kati ya wakazi ataliorodhesha paa, naye hana karatasi inayosema kwamba ana sehemu yake?

Nyumba ya Tippu Tip

Mambo haya hayakutupata sisi peke yetu. Kiswahili tunachoandikia kilifika hapa pamoja na misafara ya watu wa pwani, na mkubwa wao, Tippu Tip, alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Alirudi Unguja akafa huko mwaka 1905. Nyumba yake ingali imesimama Shangani, katika Mji Mkongwe, na mlango wake wa nakshi ni mashuhuri. Nyumba ya mtu aliyejitajirisha kwa pembe na kwa watumwa wa nchi yetu iligawanywa, na familia kadhaa zikaishi humo.

Nayo si peke yake. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, mwaka uleule wa msiba wetu, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitwaliwa na Serikali na kupewa familia zisizo na makao, chumba kwa chumba, kwa kodi ndogo. Ilikuwa haki kuwapa maskini mahali pa kulala. Lakini kodi ile haikutosha kutengeneza paa, na hakuna aliyepewa kazi ya kulitazama. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hufa kwa maji. Nyingi zilianguka, mpaka mamlaka ya kuuhifadhi mji huo ilipoundwa mwaka 1985.

Walichokiandika wengine

Ubelgiji yenyewe ilikuwa na sheria ya nyumba zenye wenyewe wengi tangu mwaka 1924. Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, Zanzibar ikafuata mwaka 2010, na Kenya ilitunga upya ya kwake mwaka 2020. Kiini chao ni kimoja. Anayenunua vyumba hununua vitu viwili kwa pamoja: vyumba vyake, na sehemu ya vile visivyogawanyika. Wenye vyumba huunda chombo kimoja, huchanga, na hukata shauri pamoja kabla ya kugusa ukuta unaobeba wengine. Sheria hizo zinakiri jambo ambalo kila mama wa nyumba analijua: waweza kutenga sufuria, lakini moshi wa jikoni ni wa wote.

Sheria peke yake haizibi tundu la bati. Dar es Salaam na Nairobi nako yapo majengo yenye hati nzuri na ngazi zinazonuka. Lakini pasipo kuandika lolote, hata mtu mwema hana pa kuanzia. Akichanga peke yake kwa ajili ya paa, majirani watadhani analitwaa.

Daftari moja

Sisi watu wa Kisangani tunajua kuchanga. Anapofariki mtu katika shirika letu, kabla ya jua kutua liko daftari, yuko mwenye kuandika majina, na turubai limefungwa uani. Hatungoji sheria itoke Kinshasa. Desturi hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba zetu zilizogawanywa. Kila jengo liwe na daftari moja, na mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya paa, mfereji na shimo. Na kila karatasi ya kuuza chumba iongezewe sentensi moja inayosema mnunuzi ana sehemu gani katika vitu hivyo, na wajibu gani.

Hatudai kwamba nyumba hizo zirudie sura ya mwaka 1958. Mji ule ulikuwa na mabaraza mazuri na moyo mgumu. Sisi tuliingia katika nyumba ambazo wazazi wetu walizijenga bila ruhusa ya kulala ndani yake, na hiyo ni haki iliyochelewa. Sasa imebaki tuwe wenyewe wa nyumba nzima, si wa milango tu. Anayetaka kuanza aanze na mfereji wa maji, kabla ya mvua kubwa za Oktoba.