Koo, Chungu na Wembe: Habari za Tiba ya Nyumbani Dakawa na Uluguru

Waandishi wa historia wamezoea kuandika habari za magonjwa makubwa. Ndui ina kurasa zake, tauni ina zake, na malale yametungiwa vitabu vizima. Maumivu ya koo hayakupewa hata aya. Sababu yake yaeleweka: koo lauma leo, baada ya siku chache limepona, na aliyeumwa hawarithishi wanawe habari hiyo. Lakini kama tungehesabu magonjwa kwa meko yaliyowashwa na siyo kwa makaburi yaliyochimbwa, koo lingekaa katika safu ya mbele. Lugha yetu yashuhudia. Mtu hukaukwa na koo, huwashwa na koo, hupwewa na sauti, huvimba mafindofindo, hushikwa na kifaduro, au, Mungu apishe mbali, huingiwa na dondakoo. Watu hawaumbi maneno mengi namna hii kwa jambo wasilolijali.

Tiba za koo katika nchi yetu zilikwenda kwa njia mbili, nazo zilipita katika nyumba zile zile: njia ya chungu na njia ya wembe. Ya kwanza hudhaniwa kuwa haina historia, kana kwamba bibi zetu waliipata pamoja na mawe ya mafiga. Kumbe ina safari ndefu za nchi kavu na za bahari. Ya pili ina historia inayojulikana sana, na katika maoni yangu iliishi muda mrefu kwa sifa isiyokuwa yake.

Nachukua Dakawa kuwa mahali pa kusimama. Dakawa iko kandokando ya mto Wami, kaskazini ya mji wa Morogoro, katika barabara iendayo Dodoma. Kusini yake huonekana milima ya Uluguru, yenye mvua na ukungu. Magharibi na kaskazini ziko nchi za Ukaguru na Unguu. Na katika mbuga za bondeni wafugaji hupitisha ng'ombe wao. Mahali kama hapa dawa za mlimani hukutana na dawa za nyika, na zote mbili hukutana na vitu vya pwani. Njia za misafara ya karne ya 19 zilipita pande zote mbili za milima hii. Burton na Speke walipita Ukutu, kusini ya Uluguru, mwaka 1857, wakakaa Zungomero hali ni wagonjwa. Stanley alipita upande wa kaskazini mwaka 1871, akauona mji wenye kuta wa Simbamwene, ulioanzishwa na Kisabengo, kisha akatopea katika kinamasi cha Makata wakati wa masika. Wapagazi wa misafara hiyo walilala katika umande na kutembea katika vumbi. Msomaji hahitaji kuambiwa hali ya makoo yao.

Basi na tufunue chungu tuone kilichomo.

Asali ndiyo kongwe kuliko vyote. Neno lake tumelipata kwa Waarabu, lakini nyuki ni neno letu la Kibantu, na mzinga wa gogo ulioning'inizwa mtini ulikuwako kabla ya jahazi lo lote kuleta jina jipya. Katika miombo ya bara watu hutenga asali mbili: ile ya nyuki wakubwa wenye miiba, na ile ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi na yenye uchachu kidogo. Ya kwanza ni chakula na pombe. Ya pili huhesabiwa kuwa dawa, huuzwa kwa bei kubwa zaidi, na mama hupimia mtoto wake kwa kijiko kama mtu apimaye kitu cha thamani. Waislamu wa pwani walipofika bara walikuwa na sababu nyingine ya kuiheshimu, maana Kurani katika sura ya Nyuki yataja kwamba ndani ya kinywaji kile mna ponyo kwa watu. Kwa hiyo mzee wa Kiluguru na mwalimu wa chuo wa Bagamoyo waliweza kuhitilafiana katika mengi, wasihitilafiane juu ya asali. Wataalamu wa siku zetu nao wamekaribia kuwaunga mkono: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha majaribio 14, wakaona kwamba asali hupunguza kikohozi na maumivu ya njia ya pumzi kuliko matunzo ya kawaida. Jambo moja tu bibi zetu hawakuwa na njia ya kulijua, nalo ni kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapasi kulambishwa asali, kwa sababu yaweza kuchukua vijidudu vyenye sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Chumvi ina habari ya namna nyingine. Leo kusukutua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu ndiyo dawa ya maskini, kwa sababu hakuna nyumba isiyokuwa na chumvi. Katika karne ya 19 haikuwa hivyo. Chumvi ya bara ilikuwa bidhaa ya safari. Ile ya Uvinza ilibebwa mwendo wa majuma, na kwingineko watu walichoma majani ya majini wakachuja majivu yake ili wapate ukali kidogo wa mboga. Mtu wa zama zile aliyechota konzi ya chumvi, akaikoroga, akaitia kinywani na kuitema chini, angalionekana mbadhirifu. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, bidhaa za pwani zilianza kuja kwa gari la moshi badala ya mabega ya watu. Nadhani hapo ndipo maji ya chumvi yalipoweza kuwa dawa ya kila mtu. Dawa tunayoiita ya kale sana huenda haipiti umri wa reli.

Viungo vya harufu pia ni wageni waliopata uenyeji. Mdalasini umebeba asili yake katika jina: Waajemi waliuita mti wa China. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Tangawizi na limau zilitoka Asia, zikazoea udongo wetu hata zikasahau kwao. Leo mtu akipanda kwenda Kinole, Tegetero au Matombo, huiona mikarafuu, midalasini na mipilipili manga imesimama katikati ya migomba kama watoto wa nyumba moja. Nchi ya Waluguru ni nchi ya ukoo wa mama. Ardhi hurithiwa upande wa kikeni, na bibi mzaa mama ana sauti katika mambo ya nyumba. Viungo hivyo vilipofika mlimani vilipita mikononi mwa bibi huyo kabla havijapita sokoni. Gome la mdalasini, kipande cha tangawizi kilichopondwa, maji ya ndimu na kijiko cha asali: huo ndio mchanganyiko unaochemka hata leo, na kila kimoja kiliingia katika chungu kwa wakati wake na kwa njia yake.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897. Walikuja na kengele, shule na sanduku la dawa. Mmoja wa shirika lao, Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo na Zanzibar, alikuwa mkusanyaji wa mimea na pia mkusanyaji wa maneno. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilitoka mwaka 1939, na anayeifungua hukuta majina ya miti yaliyoandikwa na mtu aliyeijua miti yenyewe. Mara nyingi tunasikitika kwamba elimu ya wazee ilipotea kwa kutoandikwa. Sehemu yake iliandikwa, ila iliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wetu hatukwenda kuisoma.

Dakawa ilipata wageni wengine baada ya hao. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia mateso baada ya ghasia za Soweto za mwaka 1976 walipewa ardhi Mazimbu, wakajenga chuo kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa mwaka 1979. Idadi ilipozidi, serikali ya Tanzania iliwapa Dakawa mwaka 1982. Walikaa hapo miaka kumi, wakajenga nyumba, karakana na shule, kisha mwaka 1992 wakayakabidhi majengo na kurejea kwao. Kwao mtu aumwaye koo huchemshiwa umhlonyane, kichaka cha majani ya kijivu na machungu kupita kiasi. Wataalamu hukiita Artemisia afra, na kichaka hicho hicho huota katika nyanda za juu tangu Uhabeshi mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Mkimbizi aliyetoka upande mmoja wa bara akafika upande mwingine hakuwa amevuka mpaka wa mmea ule. Mipaka iliyokuwa migumu kwake ilichorwa na watu.

Sasa nafika kwenye wembe.

Nyuma ya kinywa kinaning'inia kinyama kidogo. Wengine hukiita kidakatonge, wengine kimeo. Jina la pili lasikika kama kitu kilichomea pasipostahili, na pengine jina hilo lenyewe lilikihukumu. Mtoto akikohoa mfululizo, akitapika au akikataa kunyonya, ilisemwa kwamba ana kimeo. Na dawa ya kimeo ni kukikata. Mkataji alikuja na kisu kilichopinda kama mundu mdogo, mtoto akashikwa, na kazi ikaisha kabla kilio hakijaisha. Desturi hii ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania na haijatoweka. Madaktari wetu wamekuwa wakiandika habari za watoto wanaoletwa hospitali wakivuja damu au wameoza koo baada ya kukatwa. Vijana wa leo huita kimeo kitu cho chote kibovu, simu au gari, wala hawajui kwamba wanatumia lugha ya chumba cha mgonjwa.

Si haki kulitia jambo hili katika mzigo wa Afrika peke yake. Hipokrati wa Uyunani alikwisha onya kwamba ni hatari kukata kimeo kingali chekundu na kimevimba. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza upasuaji huo katika kitabu chake cha Tasrif na kuchora vyombo vyake. Uhabeshi, Sudani, Nijeri na Naijeria zote zaujua. Hapa nauliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii: vipi desturi yenye maumivu makubwa namna hiyo iliweza kudumu katika mikono ya wazazi wawapendao watoto wao?

Jibu limo katika tabia ya ugonjwa. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hupona yenyewe katika muda wa juma moja. Aliyekunywa tangawizi hupona, aliyesukutua hupona, aliyekatwa kimeo hupona ikiwa hakufa kwa kisu. Kila mganga huchukua shukrani za maumbile. Chungu kilipokea shukrani hizo na kumpa mgonjwa kitu mkononi: joto, utamu, nafuu ya kumeza na usiku wa kulala. Wembe ulizipokea ukampa jeraha. Tena wembe ulikuwa na fahari ambayo chungu hakikuwa nayo, kwa kuwa ulimleta mtu wa nje aliyelipwa, na binadamu huamini zaidi kile alicholipia. Kazi ya bibi haikuwa na malipo, kwa hiyo haikuwa na sifa.

Hata hivyo, chungu nacho kina mpaka, na mpaka huo ni wa uhai na kifo. Dondakoo liliwaziba watoto pumzi mpaka chanjo ilipoenea. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975. Liko pia koo linaloletwa na bakteria waitwao streptokoka. Hilo nalo huonekana kupona kwa asali na ndimu, lakini kwa watoto wachache, baada ya majuma mawili au matatu, huzaa homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Mtoto aliyeumwa koo akiwa na umri wa miaka minane aweza kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete akiwa kijana, na hakuna mtu nyumbani atakayekumbuka lile koo. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa kwa wakati, huzuia yote hayo. Homa kali pamoja na koo, mafindo yenye usaha, tezi za shingo zilizovimba na zenye kuuma, mtoto asiyeweza kumeza mate yake: hizo ndizo dalili za kuondoa chungu mekoni na kutafuta gari.

Serikali imekuwa ikizitazama dawa hizi kwa macho yanayobadilika. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili ilipitishwa mwaka 2002. Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu iliyokuwa jambo la uani ikahubiriwa majukwaani. Watu walijifukiza kwa majani ya mwarobaini, mchaichai, mpera na mkaratusi. Wengi waliamini kwamba wanarudia desturi ya mababu, na kujifunika nguo juu ya mvuke ni desturi ya mababu kweli. Lakini mkaratusi ni mti wa Australia, na mpera ulitoka Amerika. Chungu kilifanya mwaka ule kama kilivyofanya siku zote: kilipokea jani lililokuwa karibu. Kosa lilikuwa kukitwika ugonjwa usiokuwa saizi yake.

Mtibwa, kaskazini ya Dakawa, kuna mashamba makubwa ya miwa na kiwanda cha sukari, na sukari imekuwa mshindani wa asali kwa njia mbili: imechukua nafasi yake katika kikombe, na mara nyingine huchemshwa na kutiwa ndani ya chupa yake. Mnunuzi wa barabarani hujikinga kwa kuchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha, ikiwaka, hulipa. Jaribio hilo hupima maji tu. Sukari iliyopikwa ikakolea vizuri nayo huiacha njiti iwake, na chupa hiyo huenda nyumbani kwa mgonjwa ikiwa na jina la nyuki wadogo.