Siri zinazosalia programu ya tarakilishi inapoporomoka

PROGRAMU ya tarakilishi inapoporomoka ghafla, mfumo endeshi huweza kunakili yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake wakati huo na kuyahifadhi kwenye faili. Mafundi huipekua faili hiyo wakitafuta chanzo cha hitilafu. Katika mifumo ya ukoo wa Unix huitwa ‘core’, jina lililosalia tangu enzi ambapo kumbukumbu za tarakilishi ziliundwa kwa vipete vidogo vya sumaku.

Nakala hiyo haichagui. Nywila iliyochapwa punde, ufunguo wa siri, barua iliyokuwa ikiandikwa: vyote huweza kunaswa humo. Ndiposa suala la nani aruhusiwe kuisoma haliwezi kupuuzwa.

Kwa kawaida nakala hukabidhiwa mtumiaji aliyeianzisha programu, na hilo ni haki kwa kuwa siri zilizomo ni zake. Utata huzuka kwa programu ambazo huanzishwa na mtu yeyote ilhali hutenda kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, kama ile inayohakiki nywila. Linux ina kigezo kiitwacho fs.suid_dumpable. Kikiwekwa 0, programu za aina hiyo hazinakiliwi kabisa. Kikiwekwa 2, hunakiliwa lakini msimamizi mkuu pekee ndiye husoma.

Mnamo Mei 2025, kampuni ya usalama ya Qualys ilifichua kwamba ukuta huo ulikuwa na ufa. Kasoro zilikuwa katika Apport, chombo kinachopokea nakala hizo kwenye Ubuntu, na systemd-coredump, kinachotumiwa na Red Hat na Fedora. Mshambuliaji huiangusha programu yenye mamlaka, kisha, kufumba na kufumbua, huweka mahali pake programu ya kawaida yenye nambari ile ile ya utambulisho. Chombo kinapochunguza mwenye nakala, hukuta programu ya pili na kumkabidhi mshambuliaji siri zisizo zake. Watafiti hao walijaribu mbinu hiyo kwa unix_chkpwd, wakapata nywila za watumiaji wengine, japo zikiwa zimesimbwa.

Shambulizi hilo humhitaji mtu ambaye tayari ana akaunti kwenye mtambo, hivyo hatari ni kubwa zaidi pale wengi wanapotumia mtambo mmoja. Marekebisho yalitolewa. Wasioweza kuyaweka mara moja walishauriwa kurejesha kigezo kwenye 0, ingawa kwa kufanya hivyo programu hizo zikianguka, mafundi hawabakiziwi nakala ya kuchunguza.