Mkupuo wa Mstaafu: Kuhama Kati ya Hisa na Mifuko "Salama"

Mzee mmoja, mstaafu wa utumishi wa umma, alinisimamisha baada ya sala ya adhuhuri pale Kitumbini, karibu na Posta, akaniuliza: "Shekhe, mkupuo wangu nimeuweka kwenye vipande vya Mfuko wa Umoja. Wenzangu wanasema soko la hisa likianza kuyumba nihamie Mfuko wa Ukwasi, likitulia nirudi. Je, hii si kamari?"

Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Tangu sheria ya mfuko wa akiba wa wafanyakazi (NPF) ya mwaka 1964, mfanyakazi hukatwa mchango na wasimamizi ndio wanaoamua pa kuuwekeza. Hayo hayakubadilika NPF ilipogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997, wala mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Uchaguzi humjia mtu siku anapolipwa mkupuo.

Na pa kuchagulia pamepatikana juzi tu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo tarehe 15 Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Mwaka huohuo ikaingia Kampuni ya Bia (TBL), na mwaka 2000 Kampuni ya Sigara (TCC). Saruji ya Tanga ikafuata mwaka 2002, saruji ya Twiga mwaka 2006, kisha benki za NMB na CRDB mwaka 2008 na 2009. Msomaji anajionea mwenyewe: vigogo wa soko hilo walikuwa pombe na tumbaku, halafu zikaja benki za riba. UTT, iliyoundwa mwaka 2003, ilianzisha Mfuko wa Umoja mwaka 2005 ili mwananchi wa kipato kidogo naye apate sehemu katika soko hilo. Mfuko wa Ukwasi ulikuja mwaka 2013.

Sasa turudi kwenye neno kamari. Maysir iliyoharamishwa katika Suratul Maidah (aya ya 90) ni mtu kuweka mali ili apate kwa kukosa mwenzake, pasipo kuuziana kitu. Anayeuza kipande anachokimiliki kwa thamani ya siku ile ameuza mali yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza vitenge vyake haraka kwa kuhofia bei itashuka, nani amemwita mcheza kamari? Alichokatazwa Hakim bin Hizam (r.a.) na Mtume (s.a.w.) ni kuuza asichokuwa nacho. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar (r.a.) aliagiza mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka. Biashara haiendeshwi bila kupima wakati. Kwa hiyo kuhama kwenyewe, kwa rai yangu, si haramu. (Kama kuna faida ni jambo jingine. Soko letu lina wanunuzi wachache, bei inaweza kusimama palepale muda mrefu kwa kuwa hakuna aliyenunua, na anayesubiri dalili mara nyingi huhama wakati hasara imekwishamfika.)

Nilimwuliza mzee: unahama kutoka wapi kwenda wapi? Ukwasi unaweka fedha kwenye amana za benki na dhamana za Serikali, ambazo ziada yake ni riba. Usalama wake ni wa kuepuka hasara, nasi tunaulizwa usalama mbele ya Allah (s.w.). Umoja nao haukusalimika, kwani umechanganya hisa na dhamana zilezile. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliamua mwaka 1992 kuwa hisa za kampuni ambayo shughuli yake kuu ni haramu hazinunuliwi, na kwamba asili ya hukumu ni uharamu hata pale kampuni ya shughuli halali inapoingia katika riba mara kwa mara. AAOIFI walilegeza hilo la pili kwa masharti: mkopo wa riba usizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, mapato ya haramu yasizidi asilimia 5, nayo yatolewe. Bia na sigara hazifikiwi na ulegezaji huo, wala benki ya riba.

Nikamshauri auze vipande, abaki na rasilimali yake, na ziada ya riba awape mafukara bila kunuia thawabu ya sadaka. Njia nyingine zipo leo kuliko mwaka 2005: hisa za kampuni kama za saruji, baada ya hesabu zake kupimwa kwa masharti yale, au sukuk. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua yake mwaka 2025.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza nisilolitarajia: "Na zaka ya miaka yote niliyokuwa nikihama?"

Anayenunua ili auze bei ikipanda, mali yake ni ya biashara. Inapotimia hauli huitathmini kwa bei ya siku ile na kutoa asilimia mbili na nusu ya thamani yote halali, si ya gawio peke yake. Lile fungu la riba halitolewi zaka, kwa sababu si lake. Tuliagana akiwa anahesabu miaka kwa vidole.

Wallahu a'lam.