Kesi ya Uhaini ya 1970: Kiongozi wa Wakata Miwa Alipopandishwa Kizimbani

Katikati ya miaka ya 1960, kibarua wa mashamba ya miwa ya Kilombero Sugar pale Kidatu alipopokea mshahara wake alikuta ada ya NUTA imekwisha kukatwa. Chama hicho cha wafanyakazi, kilichoanzishwa na serikali mwaka 1964 baada ya vyama vya zamani kuvunjwa, kilikuwa na Katibu Mkuu mmoja kwa nchi nzima: Michael Kamaliza. Huyohuyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mwenye kudai nyongeza ya mshahara na mwenye kuitolea uamuzi kwa niaba ya serikali walikuwa mtu mmoja.

Oktoba 1969 Kamaliza alikamatwa. Pamoja naye alikamatwa Bibi Titi Mohamed, sauti iliyowaita wanawake wa Tanganyika kuingia TANU tangu mwaka 1954, mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake (UWT) na naibu waziri wa zamani. Wakakamatwa pia waandishi wa habari na maofisa wa Jeshi la Wananchi. Serikali ilieleza kwamba walikuwa wamepanga kuipindua serikali mwezi huohuo, na kwamba mpango umezimwa kabla ya risasi hata moja kufyatuliwa.

Bonde la Kilombero halikuwa na ofisa aliyeshtakiwa wala kambi iliyotajwa katika mashtaka. Lakini naandika kutoka upande huu kwa makusudi. Watu wa bonde hili wanayo sababu ya kujua tofauti kati ya hukumu na kisasi. Agosti 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, Wambunga wa Ifakara na Wapogoro wa milimani waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha. Mtemi Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Wajerumani, naye akauawa katika vita hivyo. Ng'ambo ya kusini, Songea, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Hapo hapakuwa na wakili, hapakuwa na rufaa, wala mshtakiwa hakupata nafasi ya kumhoji shahidi. Utawala ulioponea chupuchupu ulikuwa unawaonyesha walio hai kitakachowapata wakithubutu tena.

Kwa hiyo swali la mwaka 1969 halikuwa dogo. Taifa changa, lenye miaka 8 tu ya uhuru, lingewafanyia nini viongozi wake wenyewe likiwashuku kwamba wametaka kuliangusha?

Jibu la kwanza lilikuwa tayari kwenye vitabu vya sheria. Tangu mwaka 1962 Rais alikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu kumfungia mtu bila kumpeleka mahakamani. Kabla ya Kamaliza kukamatwa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuonja mkono wa dola: Victor Mkello, aliyewaongoza wafanyakazi wa mashambani nchini, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri mwanzoni mwa 1963. Maasi ya wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ya Januari 1964 yalipozimwa, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa ndani. Wanajeshi wenyewe walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Sajini Francis Hingo Ilogi akapewa miaka 15. Oscar Kambona, Waziri aliyewakabili askari hao na kuwatuliza, alikimbilia London mwaka 1967 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, walibaki nyuma na kukaa kizuizini miaka mingi bila kushtakiwa.

Jibu la pili lilikuwa baya zaidi, na lilitolewa mwaka uleule wa 1969. Abdallah Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi na baadaye waziri katika Serikali ya Muungano, pamoja na Othman Shariff, balozi wa zamani, walikamatwa Bara na kupelekwa Zanzibar kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali ya Visiwani. Shariff alikuwa amerudia kazi yake ya udaktari wa mifugo mkoani Iringa, nyuma tu ya milima ya Udzungwa tunayoiona kila siku tukiwa Ifakara. Wote wawili waliuawa. Hapakuwa na kesi ya wazi, na mpaka leo hakuna hukumu iliyoandikwa ambayo watoto wao wangeweza kuisoma na kuibishia.

Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo linaloipa uzito kesi iliyofuata Dar es Salaam. Serikali ya Muungano ingeweza kabisa kuwaacha Bibi Titi na wenzake wazeeke kizuizini. Badala yake iliwapeleka Mahakama Kuu.

Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mwanasheria wa Karibi aliyekuja kutoka Trinidad na kushika wadhifa huo tangu 1965. Washtakiwa walikuwa 7: Gray Likungu Mattaka, John Lifa Chipaka, Bibi Titi Mohamed, Michael Kamaliza, Elia Lifa Chipaka, William Makori Chacha na Alfred Philip Millinga. Mtu wa nane, ambaye upande wa mashtaka ulimtaja kuwa kichwa cha mpango mzima, hakuwepo kizimbani. Kambona alikuwa London.

Shahidi mkuu wa Jamhuri hakuwa Mtanzania. Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini kilichokuwa na makao Dar es Salaam, alieleza kwamba Kambona alimwendea kumtaka ajiunge na mpango huo, naye akajifanya amekubali huku akiipasha serikali kila alichosikia. Ushahidi wa namna hiyo una utata wake. Mtu aliyekaa katika vikao vya njama kwa muda mrefu ni mpelelezi au ni mshiriki? Maneno yake yanahitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine kwa kiasi gani? Mawakili wa utetezi walipata nafasi ya kumbana kwa maswali hadharani, na magazeti yakaandika. Mbali na Leballo kulikuwa na barua zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Dar es Salaam na London, kila upande ukizitafsiri kivyake. Bibi Titi alikana. Aliendelea kukana mpaka uzeeni.

Miezi hiyohiyo bonde letu lilikuwa likigeuka. Oktoba 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa rasmi, na kipande cha kwanza, kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, zaidi ya kilomita 500, kilipita Kidatu, Mang'ula na Ifakara kikikata mabwawa na mito inayoshuka kutoka Udzungwa. Maelfu ya vijana wa Kitanzania walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Ifakara ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Ulanga, makao yake makuu yakiwa Mahenge, na masika yalipofunga barabara gazeti lilifika likiwa limechakaa. Redio ndiyo iliyokuwa ikiwahi. Kizazi cha bonde hili kilichosikia majina ya washtakiwa kwanza kilisikia kwa Redio Tanzania, kati ya taarifa za reli na za uchaguzi wa mwaka huo.

Mwanzoni mwa 1971, baada ya vikao vya siku 127, Jaji Mkuu Georges alitoa hukumu. Mattaka, John na Elia Chipaka, na Bibi Titi walipatikana na hatia ya uhaini, wakapewa kifungo cha maisha. Kamaliza na Chacha walionekana kuwa na kosa jepesi zaidi, la kuujua mpango wa uhaini na kutoutolea taarifa, wakapewa miaka 10 kila mmoja. Millinga aliachiwa huru.

Ningependa msomaji asimame kidogo kwenye jina hilo la mwisho. Serikali ilimshtaki Millinga kwa kosa zito kuliko yote nchini, katika mwaka ambao chama kilikuwa kimoja, magazeti makubwa yalikuwa ya chama au yametaifishwa, na Rais alikuwa na uwezo wa kumfungia mtu kwa saini. Jaji akapima ushahidi, akaona hautoshi, akamwachia. Walioachiwa katika kesi za kisiasa ndio kipimo cha kama kesi ilikuwa kesi. Kamaliza naye, kiongozi wa wakata miwa wetu, hakupewa adhabu ya jumla jumla. Kosa lake lilitenganishwa na la wengine. Kujua na kunyamaza si sawa na kupanga, na mahakama iliiandika tofauti hiyo.

Hayo hayaifanyi kesi kuwa safi kabisa. Washtakiwa walikaa mikononi mwa dola miezi kadhaa kabla ya kufikishwa mbele ya jaji. Anayesikiliza kesi ya uhaini akiwa na sheria ya kizuizini nyuma ya mlango anajua, na mshtakiwa anajua, kwamba kuachiwa na mahakama si lazima kumaanisha kurudi nyumbani. Hata hivyo tofauti na yaliyowapata Hanga na Shariff ni tofauti ya uhai na kifo, na ya karatasi na ukimya.

Bibi Titi hakumaliza kifungo. Nyerere alimsamehe mwaka 1972. Lakini msamaha wa Rais hufuta adhabu, haufuti hatia, na jamii ilimwongezea adhabu yake yenyewe ambayo haikuandikwa na jaji yeyote. Ndoa yake ilikuwa imevunjika akiwa ndani. Marafiki wa siasa walimkwepa. Mwanamke aliyejaza viwanja vya Mnazi Mmoja alipungua katika simulizi rasmi za uhuru kwa karibu miaka 20, mpaka zilipofika sherehe za miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, ndipo akaanza kutajwa tena kuwa shujaa. Alifariki Novemba 2000 Johannesburg, alikokuwa akitibiwa. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, nayo inakutana na Barabara ya Morogoro, njia iliyozoeleka na mabasi yetu. 

John Chipaka alirudi kwenye siasa vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, akaongoza chama cha TADEA. Kambona alirejea nchini mwaka huohuo baada ya robo karne uhamishoni, akafa London mwaka 1997 bila kujibu hadharani mashtaka aliyotajwa nayo.

Kesi ya 1970 iliweka desturi ambayo ilijaribiwa tena. Januari 1983 wanajeshi na raia walikamatwa kwa mpango mwingine wa kumpindua Nyerere. Wawili kati yao, Hatibu Gandhi na Pius Lugangira, walitoroka rumande na kukimbilia Kenya. Novemba mwaka huo serikali hizo mbili zilibadilishana watu: Kenya iliwarudisha hao, Tanzania ikamkabidhi Hezekiah Ochuka, askari wa anga aliyejaribu kuipindua serikali ya Moi Agosti 1982. Gandhi na wenzake walihukumiwa maisha na Mahakama Kuu mwaka 1985, wakatoka kwa msamaha wa Rais Mwinyi mwaka 1995. Ochuka alinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987.

Kwa majirani zetu mambo haya si ya kale. Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha Waziri Mkuu wa zamani, Alain-Guillaume Bunyoni, Desemba 2023. Septemba 2025 mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo Joseph Kabila, Rais wa zamani aliyesoma katika shule za Tanzania, kwa makosa ya uhaini na kushirikiana na waasi, akiwa hayupo. Mwezi uleule, ng'ambo ya bahari, Mahakama ya Juu ya Brazil ilimpa Rais wa zamani Jair Bolsonaro zaidi ya miaka 27 kwa kujaribu kubaki madarakani baada ya kushindwa uchaguzi, na wananchi wakafuatilia kura za majaji moja kwa moja kwenye televisheni. Kila ninaposoma hukumu ya namna hii nauliza maswali yaleyale: mshtakiwa alikuwepo? Shahidi alihojiwa? Kuna aliyeachiwa?

Visiwani, sheria ilichukua muda mrefu kufika ambako Hanga hakuikuta. Kuanzia 1997 wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF, Machano Khamis Ali wa kwanza kwenye orodha, walikaa rumande wakishtakiwa kwa kupanga kuipindua Serikali ya Mapinduzi. Novemba 2000, mwezi aliofariki Bibi Titi, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo shtaka hilo halingeweza kusimama dhidi yao kwa kuipinga Serikali ya Zanzibar. Wote 18 waliachiwa mwezi huohuo.

Mwenendo wa kesi ya 1970 uliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya Mahakama Kuu. Wakata miwa waliomlipia Kamaliza ada, vijana wa reli waliosikia jina la Bibi Titi redioni, wengi wao hawakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa hukumu yenyewe. Sasa mahakama zetu zimeruhusiwa kisheria kutumia Kiswahili. Jalada lile litafsiriwe lote, na maswali ya utetezi kwa Leballo na sababu za kumwachia Millinga zikiwemo, na nakala ziwekwe kwenye maktaba za sekondari za Ifakara, Mlimba na Mahenge, mwalimu wa historia awape wanafunzi wake walisome na kulibishania.