Mti wa Soo Nane: Nani Alisema Bonsai Lazima Itoke Mlimani?

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilinunua mche wa mwerezi wa Japani kwa kitalu cha kando ya barabara. Soo nane. Ulikuwa ndani ya mfuko mweusi, umenifika kiunoni, kijani safi. Siku hiyo hiyo nikaufikisha nyumbani, nikakata kichwa, nikakata nusu ya mizizi, nikafunga matawi na waya, nikaubandika kwa chungu kifupi kama sahani, nikapiga picha. Chini yake nikaandika: "Bonsai yangu ya kwanza." Watu wakapenda. Halafu mzee mmoja ambaye amelea bonsai miaka mingi akaniandikia sentensi moja tu: "Kijana, hiyo si bonsai, huo ni mti wa kununua."

Iliniuma, sitadanganya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hilo swali la "ulipitia wapi?" nalijua vizuri. Ukionyesha watu kitu umefanya, kabla hawajakiangalia wanataka kujua kilitoka wapi, na wewe ulitoka wapi. Nikaamua nisome historia ya hii sanaa nipate cha kumjibu. Jibu nililipata. Shida ni kwamba nilipata na langu mimi.

Tuanze na mti. Wajapani wanauita sugi. Jina la mwerezi ni la kupewa tu, kwa sababu sugi si ndugu ya ile mierezi ya Lebanoni tunayosoma kwa Biblia. Uko karibu zaidi na saipresi, ile tunapanda Kenya kama ua. Kwao sugi ni mti wa heshima. Kisiwa cha Yakushima kina sugi za zaidi ya miaka 1,000, na moja maarufu, Jomon Sugi, inakadiriwa kupita miaka 2,000. Kule Nikko kuna barabara za kuelekea hekalu la Toshogu, alikozikwa shogun Tokugawa Ieyasu, ambazo zimepangwa sugi pande zote kwa kilomita 35 hivi. Matsudaira Masatsuna alianza kuzipanda karibu na mwaka 1625, na kazi ikachukua takriban miaka 20. Miti 12,000 hivi bado imesimama. Masatsuna alipanda miche midogo. Hakuwahi kutembea chini ya kivuli ambacho watalii wanapigia picha leo.

Sasa, mzee wangu hakutoa maneno yake hewani. Mambo ya kupanda mti mdogo kwa chombo yalianza Uchina. Kwenye kaburi la mwanamfalme mmoja wa ukoo wa Tang, lililochorwa mwaka 706, kuna picha ya watumishi wamebeba vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Sanaa ikavuka bahari, na kufikia 1309 tunaiona kwenye michoro ya Japani. Karne nyingi miti iliyosifiwa zaidi ilikuwa ile ya kuokotwa milimani. Upepo, theluji na mwamba usio na udongo viliifanya iwe mifupi na iliyojikunja, hata kabla binadamu hajaigusa. Wajapani wana neno lake, yamadori. Kuwa na mti kama huo kulimaanisha una pesa, au una watu wa kukupandia jabali. Kwa hivyo ile dharau ya "mti wa kununua" ina mizizi mirefu.

Lakini ukisoma zaidi unakuta watu wengine ambao hawapigiwi makofi sana: wenye vitalu. Wakati wa utawala wa Tokugawa, jiji la Edo, ambalo sasa ni Tokyo, lilikuwa na vijiji vizima vya kuuza miche. Kimojawapo ni Somei. Hapo mtu wa kawaida wa mjini angeweza kununua mti ndani ya chungu bila kupanda mlima wowote.

Halafu ikaja tarehe 1 Septemba 1923. Tetemeko kubwa na moto uliofuata viliharibu Tokyo na Yokohama, na zaidi ya watu 100,000 wakafa. Baadhi ya walezi wa bonsai wa Tokyo wakaamua kuhama. Walitafuta ardhi, maji safi na hewa, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji cha bonsai huko Omiya, kaskazini mwa jiji. Walijiwekea masharti. Ukitaka kuishi pale uwe na bonsai zisizopungua 10. Ua la nyumba yako liwe la mimea. Usijenge ghorofa. Na lango lako libaki wazi kwa kila mtu.

Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Hawa walikuwa wafanyabiashara wa miti ambao jiji lao lilikuwa limeungua juzi tu, na sheria waliyojiandikia inasema yeyote aingie aangalie. Hakuna mahali waliandika kwamba mgeni aulizwe kwanza mti wake ulitoka mlima gani.

Tuvuke hadi Marekani. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kule iliwaondoa watu karibu 120,000 wa asili ya Kijapani makwao na kuwafungia kambini, wengi wao wakiwa raia wa Marekani. Kati yao walikuwemo wakulima wa bustani na wenye vitalu. Waliporudi, wengi walikuta hakuna cha kurudia. Ni katika miaka hiyo, baada ya vita, bonsai ilianza kukua California.

Jina kubwa hapo ni John Naka. Alizaliwa Colorado mwaka 1914, akapelekwa Japani akiwa mtoto wa miaka 8, na babu yake ndiye alimfungua macho kuhusu bonsai. Akarudi Marekani akiwa kijana, na baada ya vita akahamia Los Angeles. Mwaka 1948 alianza kulea mireteni miwili. Miaka ya mwanzo ya 1960, baada ya kuvutiwa na msitu wa sugi karibu na hekalu moja Japani, akaunganisha miti aliyokuwa amelea mmoja mmoja, ikawa msitu mdogo kwa chombo kimoja. Akaendelea kuongeza hadi ikafika 11, mti mmoja kwa kila mjukuu. Kazi hiyo inaitwa Goshin. Mwaka 1984 aliitoa, na sasa iko Washington, kwa bustani ya taifa ya miti. Naka pia alifundisha watu wa kila aina, na madarasa ya bonsai ya Marekani yalizoea kutumia miche ya kawaida, ile ya kukuzwa ndani ya kopo na kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa kidogo.

Hapo nikasema, nimempata mzee. Kitalu si aibu. Bila kitalu hii sanaa ingebaki ya mashogun na matajiri. Nilikuwa tayari kuandika jibu refu.

Lakini hesabu zikanisumbua. Naka alianza 1948, akatoa 1984. Miaka 36. Pale pale Washington kuna msonobari mweupe uliolewa tangu 1625, karibu wakati ule ule Masatsuna alianza kupanda sugi zake Nikko. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa Hiroshima, kwa kitalu cha familia ya Yamaki, kilomita 3 hivi kutoka bomu lilipolipuka. Ukuta wa kitalu uliukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kama sehemu ya zawadi ya Japani kwa nchi iliyodondosha lile bomu. Waliokuwa wakiutunza walijua hadithi hiyo mwaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipokuja kuutembelea.

Mimi nilianza saa nane mchana, saa kumi na moja nikaposti.

Na sugi yenyewe imeshawaadhibu watu wenye haraka. Baada ya vita Japani ilihitaji mbao za kujenga upya, ikapanda sugi kwa mamilioni ya ekari, mti mmoja aina moja, mlima baada ya mlima. Mwaka 1964 mbao za kutoka nje ziliruhusiwa kuingia kwa uhuru, zikawa rahisi, na misitu mingi ikaachwa bila kuvunwa. Miti ikakomaa, ikaanza kumwaga chavua. Mwaka huo huo wa 1964 madaktari waliripoti aleji ya chavua ya sugi kutoka Nikko. Leo zaidi ya thuluthi moja ya Wajapani wanapiga chafya na kulia machozi kila majira ya kuchipua. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kupunguza mashamba hayo kwa asilimia 20 ndani ya miaka 10. Sugi ni ile ile. Tofauti ni nani alibaki kuiangalia baada ya kuipanda.

Mti wangu ulikufa. Wiki ya tatu ukaanza kuwa kahawia kutoka ncha, wiki ya sita ukawa kuni. Nilirudi kwa mama wa kitalu.

"Mama, nataka mwingine kama ule."

"Ule ulienda wapi, kijana?"

Nikamwambia vyote nilivyoufanyia. Akacheka hadi akaketi kwa ndoo. "Na wewe! Operesheni nne siku moja? Hata mtu angekufa." Nikamuuliza mche una umri gani. Akasema minne hivi. Nikagundua kuna miaka minne ya kumwagilia maji ambayo mimi sikuifanya, na ambayo nilikuwa nimeiita yangu kwa maandishi.

Hivi ndivyo naenda na wa pili. Nimeuhamisha kwa chombo kikubwa na sijakata kichwa, kwa sababu shina la mti wowote hunenepa likiachwa likue. Mizizi nitaipunguza kidogo kidogo, miaka kadhaa, na sitakata mizizi na matawi mengi kwa mpigo mmoja. Maji hayakosi, sugi haisamehi kukauka. Machipukizi mapya nayachuna kwa vidole, kwa sababu makasi yakipita juu ya yale majani kama sindano, ncha zinageuka kahawia. Uzuri wa sugi ni kwamba inachipua hata kwenye shina la zamani. Huko Kitayama, karibu na Kyoto, watu wamekata nguzo juu ya kisiki hicho hicho kwa karne nyingi na mti mama bado unaishi. Kwa hivyo nikifika siku ya kukata, utavumilia. Mradi uwe na nguvu kwanza.

Na hapa niongee na wale wenzangu tuliotoka shule mapema. Tunapenda kusema karatasi si kitu. Nakubali, hata historia ya bonsai inakubali. Omiya haikuuliza karatasi. Lakini nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Kuruka darasa ni jambo moja, kuruka miaka ni jambo lingine. Naka hakuwa na cheti kutoka chuo cha bonsai, lakini alikuwa na babu yake, na alikuwa na miaka 36 kwa kazi moja. Mimi nilitaka heshima ya kujifunza mwenyewe bila ile sehemu ya kujifunza.

Mwishowe nilimwandikia yule mzee. Nikamwambia kuhusu kununua alikosea, na tarehe zote nikampa. Kuhusu "si bonsai" alikuwa sawa, na ule mti ulishakufa.

Alijibu na swali moja: "Huu wa sasa shina limefika wapi?"

Nikapima na kamba. Unene wa kidole gumba. Nikamtumia hivyo hivyo, bila picha.