Malaba, Busia ama Amagoro

Kila serikali inapoajiri walimu na wauguzi, kuna mtu Machakos ama Nakuru anayepokea barua ya kumwambia aripoti Teso Kaskazini, na kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua ramani ya simu kuona hiyo Teso Kaskazini iko wapi. Akishaiona, swali linabaki moja: nikae wapi? Kuna Malaba, kwenye malori. Kuna Busia, kama kilomita 30 kusini, penye ofisi za kaunti. Na kuna Amagoro, kilomita chache kabla ya Malaba ukitoka Bungoma, ambapo wengi hupita wakiwa wamelala kwenye basi.

Atakaowauliza watamwambia kuhusu kodi, maji na kelele. Ni mambo ya maana, sikatai. Lakini mimi ningemwuliza kwanza: huo mji unakula nini? Kona hii ya nchi imejaa miji iliyozaliwa na uamuzi wa mtu aliyekuwa mbali sana. Uamuzi huo ulipobadilika, wageni walifunga mizigo, wenyeji wakabaki na vyumba vya kupangisha.

Anza na Mumias. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani kwenda Uganda ilisimama kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Hapo walipata chakula, wapagazi na usalama. Wengine hawakurudi pwani tena, ndiyo maana hadi leo Mumias ina Uislamu wenye mizizi kuliko miji mingine ya eneo hilo. Waingereza walipofika miaka ya 1890 hawakuhangaika kutafuta pa kukaa, waliweka kituo chao hapo hapo. Kama ungekuwa karani mwaka 1900, Mumias ndiyo ingekuwa chaguo lako, na kila mtu angekwambia umechagua vizuri. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yakapelekwa Kakamega. Karani akahama na faili zake.

Wakati misafara inapita, Malaba haikuwa mpaka wa kitu chochote. Hadi 1902, Mumias, Kisumu na hata Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Ndiyo sababu reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda: ilipofika ziwani ilikuwa imeshaingia Uganda kitambo. Aprili 1902 Waingereza wakaukata mkoa wote wa mashariki wa Uganda wakautia upande huu, reli iwe chini ya utawala mmoja. Mstari mpya ukafuata mito, Lwakhakha na Malaba kaskazini, Sio kusini kuelekea ziwani. Wateso wakajikuta wamegawanywa, Wasamia vilevile. Hakuna aliyehama, ila shangazi yako wa ng'ambo ya mto sasa alikuwa nchi nyingine.

Kwa muda mrefu mstari huo haukuwa na makali. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917. Reli ya pili, iliyopanda kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikashuka Bungoma, ikavuka Malaba hadi Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Reli hiyo haikupita Mumias, haikupita Kakamega, haikupita Busia. Malaba ikapata kituo, lakini kituo cha treni inayopita si mji. Treni ilikuwa ya shirika moja, sarafu ilikuwa moja, na mzigo wa Kampala haukuwa na sababu ya kulala njiani.

Sasa fikiria hili: Malaba tunayoijua, ya malori, lojingi na wabadilishaji pesa wenye mabunda mkononi, haikujengwa na barabara. Ilijengwa na kuharibika kwa mambo.

Idi Amin alipindua serikali Januari 1971. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na baadhi yao wakapita hapa kwa treni wakielekea Mombasa. Baadaye wakaja Waganda wenyewe, wasomi na wafanyakazi waliokuwa wakikimbia roho zao, na shule nyingi za Kenya zikapata walimu wa Uganda miaka hiyo. (Tukizungumzia kuhamia mji kwa sababu ya kazi, tusisahau wale waliotafuta kazi kwa sababu walikuwa wamehama.) Februari 1976 Amin akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, kwa kufuata ramani ya kabla ya 1902. Mstari uliokuwa umelala ukaamka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, kila nchi ikachukua injini na mabehewa yake. Kuanzia hapo mzigo wa Kampala ulikuwa na sababu ya kusimama Malaba: kukaguliwa, kuandikwa, kulipiwa, kuandikwa tena.

Na penye kusimama, pana njaa, kiu na usingizi. Dereva wa lori anayesubiri karatasi siku tatu anahitaji chapati, mahali pa kuoga, kitanda, betri, fundi wa tairi, mtu wa kumbadilishia shilingi. Ajenti wa forodha anahitaji ofisi, na ofisi inahitaji kijana wa kukimbia na karatasi. Mji wote ukaota kwenye foleni. Ukitaka kujua wageni wa Malaba walitoka wapi, angalia majina ya hoteli zake ndogo: kila mkoa wa Kenya umo.

Miaka hiyo hiyo ulizaliwa mji mwingine ambao leo hakuna anayekushauri uhamie. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Wakulima wa Uganda walikuwa wakilipwa na serikali ya Amin kwa shilingi isiyonunua kitu, kwa hiyo wakaileta kahawa upande huu kwa magendo, usiku, kichwani na kwa punda. Soko lake lilikuwa Chepkube, upande wa Bungoma chini ya Mlima Elgon. Watu waliacha kazi za mshahara wakaenda Chepkube. Pesa zilizopita pale mwaka 1976 na 1977 bado zinazungumzwa na wazee kama ndoto. Kisha bei ikashuka, njia zikafungwa. Chepkube ipo bado, kijisoko tu. Ukipita bila kuambiwa huwezi kujua.

Busia ni hadithi tofauti kidogo, kwa sababu Busia ina miguu miwili. Mguu mmoja ni mpaka, mwingine ni ofisi. Baada ya uhuru ilikuwa makao makuu ya wilaya, kwa hiyo hata mpaka ulipofungwa kulikuwa na mishahara mjini. Na ulifungwa kweli: Desemba 1987 vikosi vya nchi hizi mbili vilirushiana risasi pale Busia na biashara ikasimama. Lakini mwalimu alilipwa, karani alilipwa, mama wa mboga akauza.

Halafu Busia ilitupa boda boda. Watu wa Malaba watakwambia ilianza kwao, na mimi sitaingia kwenye vita hivyo. Kati ya ofisi ya Kenya na ya Uganda kulikuwa na mwendo wa kutembea, na vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba watu na mizigo, wakiita abiria: boda, boda, yaani kutoka boda hii hadi ile. Leo neno hilo linatumika hadi Dar es Salaam. Angalia lakini kazi yenyewe ilikuwa nini: kijana amepata riziki katika nafasi iliyo kati ya milango miwili. Umbali wa mita mia kadhaa ndio uliokuwa ajira yake.

Huo umbali ndio uliofutwa.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010. Kuanzia 2014 hivi, mzigo wa Uganda ukaanza kulipiwa ushuru ukiwa bado Mombasa, na maafisa wa ushuru wa Uganda wakawekwa huko huko bandarini. Maajenti wa Malaba wakaona kazi yao ikishuka kwenda pwani bila wao. Kisha ukaja mfumo wa kituo kimoja cha mpakani: lori linaloingia Uganda linasimama upande wa Uganda tu, linaloingia Kenya linasimama upande wa Kenya tu. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni. Hotuba zilikuwa nzuri na zilikuwa za kweli: siku zikawa saa, bidhaa zikapita haraka. Mfanyabiashara wa Kampala alishinda. Mwenye lori alishinda. Hakuna aliyehutubia kwa niaba ya mama wa chapati.

Nilikaa Malaba miezi kadhaa baada ya kuachana na chuo, nikiingiza taarifa za mizigo kwenye kompyuta ya ajenti mmoja mdogo. Ploti niliyopanga ilikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyojengwa kwa ajili ya madereva, na vinne vilikuwa na watu. Mama mwenye ploti hakuwa na chuki na mfumo mpya. Alisema tu kwamba zamani dereva alimfahamu kwa jina, siku hizi anampigia honi. Nilipohama alinirudishia dipoziti yote, jambo ambalo Nairobi halijawahi kunitokea.

Foleni hurudi mara moja moja, lakini hurudi kama ugonjwa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipong'oa reli Kibera na kufunga barabara, Uganda ilikosa mafuta. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, malori yalipangana kilomita nyingi kurudi kuelekea Bungoma. Watu walilala chini ya trela na majirani wakawaogopa. Hiyo si foleni ya kumjengea mtu maisha.

Amagoro basi. Eneo lote hili ni la Wateso, watu wa wimbi, mihogo na ajon, pombe inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. (Mgeni azoee jambo moja mapema: kwa Kiteso mama ni toto. Usishtuke mwanamume wa miaka sitini akimwita ajuza toto.) Kwa miaka mingi waliishi ndani ya wilaya ambazo makao yake yalikuwa kwa wengine, na walidai yao. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Moi ikawapa Wilaya ya Teso, na Amagoro ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, makarani wakaja, ploti zikapanda bei.

Ila wilaya hiyo ilikuwa na kasoro ambayo mpangaji wa bedsita hawezi kuiona. Sheria ya mwaka 1992 ilitambua wilaya 46 pamoja na Nairobi. Teso haikuwemo, iliundwa baadaye, kwa tamko, kama nyingine nyingi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria hiyo hazikuwa halali. Na Katiba ya 2010 ilipochora kaunti 47, ilifuata orodha ile ile ya 1992. Teso ikarudi ndani ya Busia. Mwaka 2013 gavana akakaa Busia mjini, bunge la kaunti likakaa Busia mjini, na jimbo la Amagoro lenyewe likagawanywa kuwa Teso Kaskazini na Teso Kusini, likapoteza hata jina. Kwa sensa ya 2019, Wateso wa Kenya walikuwa zaidi ya 400,000. Kaunti yao hawana, na dai hilo bado liko mezani kila uchaguzi.

Kwa hesabu ya Mumias na Chepkube, Amagoro ilipaswa kudorora. Haikudorora sana, na nadhani sababu ni kwamba haikuwahi kunona. Ofisi za kaunti ndogo zilibaki. Hospitali ya Kocholia iko. Shule za misheni zilizosomesha eneo hili, Kolanya ya Jeshi la Wokovu na Chakol ya Wakatoliki, hazikuwa zimesubiri wilaya ili zifunguliwe. Watu wanaokula Amagoro wanalima nyuma ya nyumba zao, na siku ya soko haitangazwi kutoka Nairobi.

Rafiki yangu muuguzi alipopangiwa huku nilimwambia achukue nyumba Amagoro, akalalamika hakuna mahali pa kwenda Jumamosi usiku. Ni kweli hakuna. Malaba iko karibu kwa boda, aende acheze kisha arudi kulala. Kama angekuwa na kazi ya kaunti ningemwambia Busia bila kufikiria mara mbili, na tangu 2022 Alupe ni chuo kikuu kamili, kwa hiyo barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba ina wanafunzi wanaohitaji vyumba mwaka mzima. Malaba ningemwambia mtu mmoja tu: mwenye biashara inayobebeka, anayeweza kuihamisha kwa wiki moja.

Wenyeji wa Malaba wanajua haya kuliko mimi. Sasa kinachozungumzwa kwenye vibanda vya chai ni reli mpya. Kutoka Nairobi ilifika Suswa mwaka 2019 ikasimama, na kila mara jina la Malaba likitajwa kama mwisho wa safari yake, mtu huanza kupima ploti. Wengine wanasema ikifika italeta bohari, vibarua na treni za kushusha mizigo. Wengine wanauliza, ikiwa makontena yote yatapanda treni, nani atakuja kulala hapa na lori? Matofali yanaendelea kupangwa hata hivyo, vyumba kumi, kumi na viwili, kila kimoja na mlango wake.