Filamu ya kuchekesha ya kundi: jina la nani, hela ya nani?

Kundi la vichekesho likishazoeleka kwa vipande vya dakika mbili tatu, wazo linalofuata karibu kila mahali ni moja: sasa tutoe filamu.

Kwa vijana wa Kyela wazo hilo siyo la mbali. Mandhari ipo: ufukwe wa Matema na Milima ya Livingstone juu yake, bandari ya Itungi, pilika za mpakani Kasumulu. Simu ya kurekodia ipo. Vichekesho ndiyo usiseme.

Lakini yanayovunja makundi mara nyingi hayapo kwenye kamera. Yapo kwenye karatasi: nani mwenye jina, nani mwenye filamu, na hela ikiingia inagawanywa vipi.

Filamu huru ya kundi ni ipi?

Ni filamu ambayo wachekeshaji wenyewe wanaiandika, wanaiigiza na kuitafutia fedha, bila studio kubwa au kituo cha televisheni kuwa bosi wao.

Siyo sawa na kuunga vipande vya zamani. Kipande kifupi kinaishi kwa kichekesho kimoja. Filamu inadai hadithi itakayomshika mtazamaji saa nzima au zaidi.

Mfano unaotajwa zaidi duniani

Monty Python ni kundi la watu sita lililoanza na kipindi cha BBC, Uingereza, mwaka 1969. Mwaka 1975 likatoa filamu ya Monty Python and the Holy Grail, inayomtania mfalme Arthur na mashujaa wake.

Sehemu ya fedha ilitoka kwa wanamuziki, zikiwemo bendi za Pink Floyd na Led Zeppelin. Wawili wa kundi, Terry Gilliam na Terry Jones, ndio walioongoza filamu.

Hela haikutosha kukodi farasi. Wakafanya nini? Mfalme anatembea kwa kurukaruka kama yuko juu ya farasi, huku mtumishi wake nyuma anagonganisha vifuu vya nazi kutoa mlio wa kwato. Umaskini wa bajeti ukageuka kichekesho kinachokumbukwa mpaka leo. Ngome moja ya Scotland, Doune, ikachezwa kama ngome kadhaa tofauti.

Karatasi iliwaokoa, kisha ikawagharimu

Mwaka huohuo wa 1975, kituo cha ABC cha Marekani kilirusha vipindi vya kundi hilo baada ya kukata dakika 24 kati ya 90. Wachekeshaji wakaenda mahakamani. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawa upande wao. Silaha yao kubwa ilikuwa mkataba wao na BBC: haki za maandishi ya vichekesho zilibaki kwao, na BBC haikuwa na ruhusa ya kuyabadili ovyo.

Lakini upande wa pili upo. Mwaka 2005 filamu yao ilizaa tamthilia ya muziki ya jukwaani, Spamalot, iliyoingiza fedha nyingi. Mtayarishaji wa filamu, Mark Forstater, akadai kwamba kwa mapato hayo anapaswa kuhesabiwa kama mtu wa saba wa kundi. Mwaka 2013 mahakama ya London ikampa ushindi. Yaani miaka 38 baada ya filamu kutoka, watu waliofanya kazi pamoja walikuwa bado wanabishana walikubaliana nini.

Hapa kwetu: jina la Ze Comedy

Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Vengu, Wakuvanwa na McRegan walijulikana nchi nzima kupitia Ze Comedy ya EATV. Walipohamia TBC ukazuka mvutano juu ya jina. Wakarudi hewani kama Ze Orijino Komedi.

Bahati yao, sura zilikuwa zimeshakaa vichwani mwa watu. Kundi changa likinyang'anywa jina linaanza upya kabisa.

King Majuto na waziri kutoka Kyela

Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, alichekesha Watanzania kwa miongo kadhaa, jukwaani na kwenye filamu nyingi sana. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, mikataba ya kazi zake ikawa mjadala wa taifa.

Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo alikuwa Dk Harrison Mwakyembe, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kyela. Akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. King Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018.

Tatizo lilikuwa la zamani. Enzi za kanda na DVD, wasanii wengi walimuuzia msambazaji filamu kwa mkupuo, haki zote zikaenda. Filamu ikiuzwa miaka kumi, aliyechekesha hapati hata mia.

Kama mnataka kupiga filamu Kyela

Anzeni na haya:

1. Jina. Sajilini BRELA. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Usajili wa jina la biashara peke yake haukupi umiliki kamili wa jina. Alama ya biashara ndiyo inayokulinda zaidi. Usajili wake wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa.

2. Mgawo. Kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, andikeni nani anapata asilimia ngapi. Mwandishi, waigizaji, mwenye kamera, aliyetoa hela ya mafuta na chakula: wote wawemo. Wekeni pia kitakachofuata mtu akitoka kwenye kundi.

3. Hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Kuisajili COSOTA kunakupa ushahidi siku ya ugomvi.

4. Kibali. Filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya 1976. Kuna kibali cha kutengeneza, halafu filamu inakaguliwa na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Pa kuanzia kuuliza ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

5. Kuuza. Msiuze filamu moja kwa moja kama mna njia nyingine. Ruhusu kituo kuirusha kwa muda fulani, mara kadhaa zilizoandikwa, kisha haki irudi kwenu. Akaunti ya YouTube nayo isiwe kwenye simu ya mtu mmoja tu.

6. Mvua. Kyela ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi nchini, na Aprili si mwezi wa kuchezea. Pangeni picha za nje miezi ya kiangazi.

Soko halipo Dar tu

Ng'ambo ya mto Songwe, Wangonde wa Karonga, Malawi, wanazungumza lugha inayosikilizana na Kinyakyusa. Filamu ya Kinyakyusa yenye maandishi ya Kiswahili chini inaweza kuchekesha pande zote mbili za mpaka, kuanzia kibanda umiza cha Ipinda mpaka huko.

Ikifika huko na kupendwa, hela itaanza kuulizwa. Siku hiyo jibu liwe kwenye karatasi yenye sahihi za wote. La sivyo, kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake.